INSEAD: shule ya biashara kwa vijana wa inchi zilizopigana

Mwaka 1957, miaka 12 tu kisha vita ya pili ya dunia, Georges Doriot, Mfaransa wa kuzaliwa aliyefundisha huko Harvard, Marekani, alianzisha shule ya biashara INSEAD. Alisaidiana na Claude Janssen na Olivier Giscard d'Estaing.

Wazo lao? Vijana wa Ufaransa, Ujerumani na inchi zingine za Ulaya wasome pamoja namna ya kuongoza kampuni. Masomo yalianza 1959 ndani ya nyumba ya zamani ya wafalme, huko Fontainebleau, karibu na Paris. Ilikuwa lazima kujua Kifaransa, Kiingereza na Kijerumani.

Wanafundisha nini? Programu inayojulikana sana ni MBA: hesabu za kampuni, soko, uongozi. Shule nyingi zinaifanya kwa miaka karibu 2; hapa ni miezi 10. Na mwanafunzi hajichagulii kikundi: shule ndiyo inachanganya watu wa inchi na kazi mbalimbali. Tangu 2000 kuna pia tawi ku Singapore, kisha Abu Dhabi.

Nani anaingia? Mwenye diploma ya chuo kikuu, aliyekwisha kufanya kazi, anayejua Kiingereza vizuri na kupita mtihani kama GMAT. Minervali ya MBA inapita euro 90,000. Iko misaada ya masomo, ingine kwa Waafrika, lakini wanaoiomba ni wengi. Basi, waliopigana jana wanaweza kuketi meza moja. Asiye na feza bado anangojea ku mlango.