Habu ya gia kwa guta la Newala: chagua kwa ajili ya mlima, si mbio

Juu ya uwanda wa Makonde udongo ni wa kichanga, mvua inazama haraka. Ndiyo maana tangu miaka ya 1950 maji yanasukumwa kwa pampu kutoka bondeni, Kitangari. Bomba likikauka, watu wanashuka bondeni na kupanda na madumu. Rafiki yangu, fundi baiskeli Newala, anaunda guta la kazi hiyo. Kapata habu kuukuu ya Sturmey-Archer, ile yenye gia tatu ndani ya kitovu cha gurudumu. Akaniuliza: "Kaka, hii itafaa?"

Tuifungue kwanza. Katikati kuna gia ndogo ya meno 20, imeganda kwenye ekseli. Nje kuna pete ya meno 60. Kati yake kuna vigia vinavyozunguka, vimebebwa na fremu yake. Cheni ikisukuma pete, gurudumu linafuata fremu na kupata robo tatu ya mzunguko: gia ya mlima. Cheni ikisukuma fremu, gurudumu linafuata pete na kupata mzunguko mmoja na theluthi: gia ya mbio. Ya kati ni moja kwa moja.

Sasa hesabu. Dereva kilo 60, guta 40, madumu matano ya lita 20 kilo 100. Jumla 200. Barabara ikipanda mita 6 kila mita 100, na mchanga ukila nusu ya hapo, guta linarudishwa nyuma kwa uzito wa kama kilo 18. Kwa gurudumu la inchi 28, sproketi ya meno 44 mbele na 18 nyuma, bila gia mguu unatakiwa kukandamiza kilo 88. Dereva mwenyewe ana 60! Ukiweka habu nyuma, gia ya mlima inashusha hadi 66. Bado hapandi.

Kwa hiyo usiifunge gurudumuni. Ifunge katikati ya guta. Cheni ya kwanza itoke meno 44 kwenda 22 ya habu. Ubavuni mwa habu funga sproketi ya meno 18, cheni ya pili iende kwenye meno 44 ya ekseli ya nyuma. Mguu sasa unakandamiza kilo 22. Faida nyingine: habu inazunguka haraka ila haipati msokoto mkubwa, na msokoto ndio unaovunja meno yake.

Lakini tusidanganyane, gia haiongezi nguvu. Utapanda polepole kuliko anayetembea. Uzuri, guta lina magurudumu matatu, halianguki hata likijikokota.

Mwisho, breki. Usitegemee breki ya kurudisha pedeli nyuma, maana cheni ya pili ikikatika mteremkoni breki imekwenda nayo. Breki zikae kwenye magurudumu yenyewe, na ziwe mbili.

Nilimjibu: inafaa, ila siyo pale ulipotaka kuifunga.