Barabara Itangulie Tofali

Sinza na Manzese ni kata jirani katika Manispaa ya Ubungo, jijini Dar es Salaam. Zitazame kwa picha za satelaiti utadhani ni miji miwili tofauti. Sinza mitaa imenyooka, nyumba zimepangwa kwa safu, na gari linafika mlangoni. Manzese nyumba zimebanana hivi kwamba sehemu nyingi mtu hupita kwa uchochoro, na mgonjwa hubebwa mgongoni mpaka barabarani. Wakazi wa pande zote mbili walijenga kwa mikono na fedha zao wenyewe. Kilichowatenganisha ni mfuatano wa mambo. Katika miaka ya 1970 Serikali ya Tanzania, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilianzisha mradi wa kupima viwanja na kuviwekea huduma. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni ardhi ilikuwa haijajengwa, kwa hiyo barabara zilichorwa na bikoni zikasimikwa kabla ya tofali la kwanza. Manzese watu walikwisha kujenga, na barabara, maji na taa zikaja kutafuta pa kupita katikati ya nyumba zao.

Mradi ule ulifika miji saba: Dar es Salaam, Mbeya, Mwanza, Tanga, Tabora, Morogoro na Iringa. Miongo minne baadaye mchumi Guy Michaels na wenzake walilinganisha maeneo yake na maeneo jirani ambayo nayo yalikuwa matupu wakati huo lakini hayakupimwa, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2021. Mitaa iliyopimwa kwanza ina nyumba kubwa zaidi, ghorofa nyingi zaidi, na nyumba nyingi zaidi zenye umeme, maji, choo bora na njia ya gari. Elimu ya wakazi wake inazidi kidogo ile ya majirani zao, lakini watafiti hao wanaonyesha kwamba pengo hilo la elimu ni dogo mno kueleza tofauti kubwa ya makazi. Kuhusu mitaa iliyoboreshwa baada ya kujengwa, ushahidi waliokusanya hauoneshi kwamba ina hali bora kuliko ile isiyopimwa. Pengine ni mbaya zaidi. Kwa maoni yangu huu ndio ushahidi mzito tulio nao nyumbani kuhusu nyumba za bei nafuu, na unatuambia kwamba kazi kubwa ya halmashauri ni kufika shambani kabla ya mjenzi.

Hesabu ya mwananchi wa kawaida inaeleza sababu. Watanzania wengi hawajengi kwa mkopo wa benki. Wanajenga kidogo kidogo: mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, bati likipatikana wanahamia, na plasta itasubiri. Uwezo wa kujenga wanao. Wasichoweza peke yao ni kuchora barabara, kutenga eneo la shule na zahanati, kulaza bomba na kuacha mfereji wa maji ya mvua, kwa sababu hayo yanahitaji mamlaka inayoweza kuwaambia watu mia kwa pamoja waache nafasi. Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 imeipa halmashauri mamlaka hayo. Isipoyatumia mapema, mwenye shamba hukata vipande kwa hatua za miguu, hati ya mauzo hushuhudiwa ofisi ya serikali ya mtaa, na kila mnunuzi hujenga mpaka mwisho wa alichonunua. Bei ya kuanzia inaonekana ndogo. Lakini mnunuzi huyo ataendelea kulipa kwa maji ya madumu, kwa kubebesha mchanga na saruji kutoka barabarani, kwa mafuriko, na kwa gari la zimamoto lisiloweza kufika. Dar es Salaam ilikuwa na watu 272,821 mwaka 1967 na 5,383,728 mwaka 2022, na kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, wakazi wapatao saba katika kila kumi wanaishi katika makazi yasiyopangwa.

Wapo wanaosema Serikali ijenge nyumba zenyewe na kuwapa watu funguo. Wazo hili lina heshima yake. Magomeni Kota, iliyozinduliwa Machi 2022, imewarudisha wakazi wa kaya 644 katika maghorofa mazuri mahali walipobomolewa nyumba za zamani. Kenya imekwenda mbali zaidi: Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 inamkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Swali langu ni la wingi. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022 Dar es Salaam iliongeza zaidi ya watu milioni moja, na bajeti ya halmashauri haiwezi kuwafuata wote kwa maghorofa. Fedha zinazomaliza jengo moja la ghorofa zinaweza kufungua barabara na kusimika bikoni kwa familia nyingi zaidi, na kila familia ikaongeza akiba yake juu ya kile ilichopewa. Maghorofa ya umma yanafaa katikati ya mji, pale ardhi ni adimu na wapangaji wa zamani wana haki ya kubaki. Pembezoni, fedha hizo ziende kwenye viwanja.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba viwanja vilivyopimwa huishia kwa wenye nacho. Ni kweli, na mfano upo. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanzishwa na Wizara ya Ardhi mwaka 2002 ulizalisha viwanja vingi kuliko jina lake huko Bunju, Mbweni, Mivumoni, Kibada na kwingineko. Lakini vingi vilikuwa vikubwa, malipo yalitakiwa kwa muda mfupi, na mchuuzi wa Tandika hakuwa na namna ya kushindana na mtumishi mwenye mshahara. Baadhi vilikaa vichaka kwa miaka, mwenyewe akisubiri bei ipande. Kasoro hiyo ina dawa yake. Ya kwanza ni ukubwa: Sinza ilianza na viwanja vya karibu mita za mraba 300, na watu wameishi humo vizuri. Kiwanja kikikatwa katikati bei inashuka, na barabara ile ile inahudumia kaya mara mbili. Malipo nayo yawe ya awamu, kwa miaka, kama watu wanavyojenga. Halafu kuna idadi. Viwanja vikiwa vichache kila mwaka, mwenye fedha atavichukua vyote hata viwe vidogo namna gani. Tusimsahau mpangaji pia, ambaye ndiye maskini wa mjini hasa. Nyumba ya vyumba sita yenye korido katikati inahifadhi mwenye nyumba na wapangaji watano, na zikijengwa nyingi za aina hiyo penye maji na barabara, mwenye nyumba hatakuwa na nguvu ya kudai kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo.

Maofisa watauliza fedha za fidia zitoke wapi, na hapo ndipo mipango mingi hufia. Sheria inataka mwenye ardhi alipwe, na ni haki yake. Ila si lazima shamba zima linunuliwe. Katika jimbo la Gujarat nchini India, chini ya sheria yake ya mwaka 1976, wenye mashamba huunganisha ardhi yao, mamlaka huchukua sehemu kwa ajili ya barabara na huduma, na kila mmoja hurudishiwa kiwanja kidogo chenye thamani kubwa kuliko shamba alilotoa. Sehemu nyingine huuzwa kulipia miundombinu. Nchini kwetu kampuni binafsi za upimaji tayari hukubaliana na wakulima kulipwa kwa viwanja badala ya fedha taslimu. Halmashauri ikiingia katika makubaliano hayo kama msimamizi, mikataba ikawekwa wazi, inaweza kupima eneo kubwa bila kusubiri mabilioni. Mpango wa Kupanga, Kupima na Kumilikisha, ambao kwa ajili yake Serikali Kuu ilizitengea halmashauri mkopo wa shilingi bilioni 50 mwaka wa fedha 2021/22, ulikuwa mwanzo mzuri wa mtaji unaozunguka. Mtaji huo hauzunguki kama mapato ya viwanja yanaliwa katika posho na madeni mengine.

Kuhusu hofu kwamba viwanja vitautawanya mji, Sinza inajibu vya kutosha: leo nyumba za chini zinageuzwa ghorofa, kwa kuwa barabara na bomba zilikuwapo. Urasimishaji wa Manzese na mitaa mingine uendelee, kwa kuwa waliomo ni wananchi wenye haki ya kupata maji na njia. Lakini Kibaha, Kisarawe, Mkuranga na Bagamoyo mashamba yanakatwa sasa hivi, na kila msimu unaopita barabara inakosa pa kupita. Msomaji, katika mkutano ujao wa mtaa wako mwulize diwani mambo mawili: halmashauri imetenga kiasi gani mwaka huu kwa upimaji wa ardhi ambayo haijajengwa, na mapato ya viwanja vya mwaka jana yalikwenda wapi. Dai jibu lenye tarakimu.