Takwimu za afya nazo zivuke mpaka

Anayesimama Nengo, mjini Gisenyi, kwenye ukingo wa Ziwa Kivu upande wa Rwanda, haendi mbali kuifikia Goma ya Kongo. Gisenyi na Goma zimegawanywa na mpaka wa nchi mbili, lakini soko, ukoo na Kiswahili vimeziunganisha, na kila siku kivuko cha mpakani cha Petite Barrière hupitisha maelfu ya watu: wauza mboga, wanafunzi, wapagazi, wagonjwa. Ugonjwa hupita njia hiyohiyo. Tarehe 14 Julai 2019 ilithibitishwa kwamba Ebola imeingia Goma, kwa msafiri aliyefika kwa basi kutoka Butembo. Takriban wiki mbili baadaye akapatikana mgonjwa wa pili, na tarehe 1 Agosti Rwanda ikafunga mpaka kwa saa chache kabla ya kuufungua tena. Mlango hauwezi kufungwa siku zote mahali ambapo watu hutafuta chakula cha jioni ng'ambo ya pili. Ndiyo maana naona kwamba hapa kompyuta za hospitali zinapaswa kupimwa kwa swali moja: je, habari humfikia muuguzi wa upande wa pili kabla mgonjwa hajamfikia?

Wako wanaodhani kwamba data ni kazi ya karani, ya kuandikwa daktari akishamaliza kutibu. Mlipuko ule wa Kivu Kaskazini na Ituri, uliodumu kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020 na kuua watu 2,287 kati ya 3,470 walioambukizwa, ulionyesha kinyume chake. Mwezi Novemba 2018 ulianza utafiti wa dawa nne za Ebola, uliopewa jina la Kiswahili, Pamoja Tulinde Maisha, na dunia ya kitabibu ikaujua kwa kifupi cha PALM. Kila mgonjwa aliyekubali kushiriki alipangiwa dawa kwa bahati nasibu, kama kura, ili daktari asije akawapa dawa anayoipenda wale tu wenye dalili za kupona. Taarifa zikawa zinakusanywa Beni, Butembo, Katwa na Mangina, katikati ya vita. Tarehe 9 Agosti 2019 bodi huru ikapitia matokeo ya wagonjwa 499 na kukuta tofauti iliyo wazi. Dawa mbili zilikuwa zinaokoa wengi zaidi, na wagonjwa wapya wakaanza kupewa hizo peke yake. Hesabu za mwisho zilionyesha kwamba katika dawa hizo mbili walifariki karibu 34 na 35 kwa kila 100, na katika nyingine mbili karibu 50 na 53. Moja ya zile bora ilitokana na kinga ya mtu aliyepona Ebola Kikwit mwaka 1995. Lakini pasipo data iliyojazwa sawasawa na kusomwa mapema, hakuna ambaye angejua ubora wake, na wagonjwa wangeendelea kupewa dawa dhaifu kwa nia njema kabisa.

Upande wa Rwanda, mwezi Desemba 2019 ulianza mpango wa chanjo ya Ebola katika wilaya za Rubavu, ilipo Gisenyi, na Rusizi, ukiitwa Umurinzi. Mswahili hahitaji kutafsiriwa jina hilo: -rinda ya Kinyarwanda na -linda ya Kiswahili ni mzizi mmoja. Chanjo ile ilikuwa ya dozi mbili zinazopishana siku 56, na hapo ndipo kumbukumbu inapokuwa na uzito wa dawa yenyewe, kwa kuwa dozi ya kwanza isiyofuatwa na ya pili ni kazi nusu. Zaidi ya watu 200,000 walipata dozi ya kwanza, na zaidi ya 9 kati ya kila 10 wakarudi kupata ya pili. Kongo, kwenye utafiti wa chanjo hiyohiyo uliofanywa Boende miongoni mwa wahudumu wa afya, washiriki walitambuliwa kwa picha ya jicho, ili majina yanayofanana yasichanganywe. Basi kila upande umejifunza kumfuatilia mtu wake. Lakini mwenye maisha ya pande mbili ndiye anayehitaji zaidi kufuatiliwa.

La kusikitisha ni kwamba si lazima kununua kitu kipya. Rwanda imekuwa ikikusanya takwimu zake za afya kwa programu ya DHIS2, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Oslo, tangu 2012, na Kongo nayo hutumia programu hiyohiyo. Kila nchi ina yake, nayo hupeleka hesabu kwenye mji mkuu. Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005 zinadai tukio zito liarifiwe Shirika la Afya Duniani ndani ya saa 24 baada ya kutathminiwa. Kwa njia hiyo rasmi, habari ya Goma inapaswa kupitia Kinshasa, Shirika la Afya Duniani na Kigali ndipo iteremke Rubavu, ilhali mwenye homa amefika kwa miguu.

Pingamizi kubwa ni la siri, na ni la haki. Mama anayechukua dawa za VVU upande mmoja na kuuza bidhaa upande mwingine hapaswi kuamka siku moja akakuta jina lake kwenye kompyuta ya nchi jirani. Sheria ya Rwanda ya Oktoba 2021 kuhusu data binafsi inaihesabu hali ya afya kuwa taarifa nyeti. Lakini onyo la mapema halihitaji majina. Linahitaji idadi, ugonjwa, eneo na tarehe. Jina livuke pale tu mgonjwa anapokubali, au pale wanapotafutwa waliokutana na mgonjwa wa Ebola, na hata hapo liishie mikononi mwa wachache wanaowajibika kwalo.

Wengine watasema mashine hazitibu, nami nakubaliana nao. Mpango wa RapidSMS, ambao wahudumu wa afya wa vijijini nchini Rwanda, abajyanama b'ubuzima, waliutumia kutuma ujumbe wa simu kuhusu wajawazito na watoto, ulifanyiwa tathmini iliyochapishwa 2018. Mabadiliko ya maana yalionekana kwenye wilaya zilizoongezewa mafunzo, usimamizi na vifaa. Penye ujumbe mtupu hayakuonekana. Fedha, basi, ziende kwanza kwa anayejaza fomu.

Kuhusu uhasama kati ya serikali za Rwanda na Kongo, sidhani kwamba ni lazima uishe kwanza, kwa kuwa ugonjwa hausubiri. Mpox ilipotangazwa dharura ya kimataifa tarehe 14 Agosti 2024, ilikuwa tayari iko katika nchi zote mbili.

Kwa hiyo naziomba wizara za afya za Kigali na Kinshasa zianze na ukurasa mmoja tu kila Jumatatu, usio na jina la mtu: idadi ya wanaoshukiwa kuwa na Ebola, mpox, kipindupindu na surua, Goma na Rubavu, usomwe asubuhi hiyohiyo na wauguzi wa pande zote mbili za Petite Barrière.