Saa ya Bosi, Leseni ya Dereva

Hadi katikati ya mwaka 2025, dereva wa ofisi aliyempeleka bosi wake Geita alikuwa na kisingizio kisichopingika: kivuko. Alitoka Mwanza mjini hadi Usagara, akakata kulia kwenda Kigongo, kisha akapanga foleni na malori na mabasi kungoja zamu ya kuvuka hadi Busisi. Bosi alipiga simu, alilalamika, alinunua karanga; aliyeshika usukani hakulaumiwa.

Juni 19 mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa takriban kilomita tatu, na maji yale sasa yanavukwa kwa dakika chache. Kisingizio kikafa. Akichelewa leo, kachelewa yeye.

Jiji la Mwanza lina waajiri wengi wa madereva wa ofisi. Kuna migodi ya dhahabu ng'ambo ya ghuba, viwanda vya minofu ya sangara, benki, Hospitali ya Bugando, ofisi za mkoa na miradi ya wafadhili. Asubuhi kwenye barabara ya uwanja wa ndege, kuanzia Kirumba hadi Pasiansi, kibao cha namba kinatosha kukuambia suka anamtumikia nani: cha njano ni gari binafsi, cheupe ni la biashara, SU ni shirika la umma, DFP ni mradi wa wafadhili. Shangingi linaweza kuwa lilelile. Posho ya safari ndiyo hutofautiana.

Matangazo ya ajira serikalini yanaieleza kazi hii kwa mistari michache. Dereva daraja la pili awe amemaliza kidato cha nne, awe na leseni ya daraja C au E, awe ameendesha walau mwaka mmoja bila kusababisha ajali, na awe amepita mafunzo ya msingi ya VETA au chuo kingine kinachotambuliwa. Kazi zake: kukagua gari kabla na baada ya safari, kuwapeleka watumishi kazini, kusambaza nyaraka, kufanya matengenezo madogo, kujaza daftari la safari, kusafisha gari.

Kungoja hakumo. Na ndiko kunakokula siku! Ndege ya Dar es Salaam imechelewa, kikao cha saa moja kimegeuka warsha, harusi ya mtoto wa mkurugenzi imefika usiku wa manane. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zilipwe mara moja na nusu. Lakini daftari la safari huandika kilomita. Saa sita za kukaa kwenye maegesho ya hoteli haziongezi hata moja, na mhasibu husoma kilichoandikwa.

Muda ukishaliwa hivyo, hutafutwa barabarani. "Kanyaga mafuta," sauti inatoka kiti cha nyuma, na mbele kuna Kisesa, Magu na Lamadi, vibao vya kilomita 50 kwa saa, na askari wenye tochi. Faini ya shilingi 30,000 kwa kosa inaweza kulipwa na ofisi, au isilipwe. Leseni ni ya dereva peke yake.

Barabara hiyohiyo ina kumbukumbu nzito. Januari 11, 2022, wilayani Busega, gari lililobeba waandishi wa habari kutoka Mwanza, waliokuwa kwenye ziara ya Mkuu wa Mkoa kwenda Ukerewe, lilipata ajali. Zaidi ya watu kumi walikufa, wakiwamo waandishi. Kwenye msafara, dereva wa nyuma hachagui mwendo wake. Anafuata gari la mbele, nalo linafuata ratiba.

Baadhi ya kampuni za migodi na mashirika ya kimataifa hufunga kwenye magari kifaa kinachorekodi mwendo na breki za ghafla, na kuzuia safari za usiku. Wapo madereva wasiokipenda, wakiona wanachungwa. Ajabu ni kwamba ndicho kinachowapa jibu lisilo na utovu wa adabu: "Bosi, nikizidisha hapa, ripoti inakwenda makao makuu." Dereva wa mfanyabiashara binafsi hana kinga hiyo. Yeye hulimaliza jambo jioni ya kuamkia safari, wakati anakabidhi funguo: "Mzee, kesho tukitoka saa kumi na moja, tutafika na muda wa chai."