Ubeti Mmoja Kila Ijumaa

Mwisho wa muhula unapowadia, katika madarasa mengi ya kandokando ya Ziwa Viktoria, tangu Nyamagana hata Ukerewe, husikika sauti moja: mwalimu asoma, watoto waitikia. Hayo huitwa marudio. Lakini kuitikia hakumwonyeshi mwalimu ni nani aliyeelewa na ni nani afuataye sauti ya jirani yake. Mtihani humfichua mtoto huyo wakati msaada umekwisha kuchelewa.

Sisi twapendekeza dawa isiyo na gharama: kila Ijumaa watoto watunge ubeti mmoja juu ya somo walilofundishwa juma hilo.

Jambo hili si geni kwetu. Katika nchi ya Wasukuma, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vimeshindana kwa nyimbo kwa vizazi vingi, na hata leo hukutana Bujora katika sikukuu ya Bulabo. Naye marehemu Mathias Mnyampala wa Dodoma, aliyefariki mwaka 1969, alieneza ngonjera, mashairi ya majibizano ambayo shule zetu ziliyatumia kufundishia. Kitabu chake, Ngonjera za Ukuta, kilitoka mwaka 1970.

Tuchukue somo la samaki wa ziwa letu. Huu ni ubeti tulioutunga wenyewe kuwa mfano:

Sangara huyu mgeni, si kwetu alikozawa,
Miaka ya hamsini, majini ndipo katiwa,
Furu wengi wa ziwani, wakawindwa wakaliwa,
Faida imo sokoni, na furu wamepunguwa.

Kila mstari una mizani 16, nane kwa nane. Nafasi ni ndogo, kwa hiyo mtungaji hulazimika kuchagua lililo kubwa na kuliacha dogo. Na hapo ndipo akili inapofanya kazi. Hawezi kuandika mistari hiyo minne asipojua sangara alitoka nje ya ziwa, aliingia lini, alikula nini na ameleta nini. Akiandika kwamba sangara ni mwenyeji wa tangu kale, mwalimu ataliona kosa papo hapo, naye atalisahihisha kabla ya mtihani.

Watakuwako watakaouliza: mwalimu mwenye watoto themanini atasahihishaje beti themanini? Jibu ni jepesi. Watoto wakae watano watano, kila kundi litunge ubeti mmoja, usomwe kwa sauti, na wenzao waulize: je, haya ni kweli? Madarasa ya chini yatosheke na mistari miwili ya mizani nane, bila vina.

Lakini twaonya jambo moja. Kina kitamu huweza kumvuta mtoto aseme uongo ili mstari ulingane. Basi ukweli utangulie, vina vifuate. Ubeti wenye mizani pungufu na habari sahihi upewe alama kuliko ule ulioimbika na kupotosha. Wala ubeti usichukue mahali pa mazoezi ya hesabu, maana hesabu hujifunzwa kwa kuzifanya.

Walimu wakuu wa Mwanza na visiwa vyake, tengeni nusu saa tu kila Ijumaa kwa muhula mmoja. Mtoto aliyekuwa akijificha katika sauti ya wengi atasikika kwa sauti yake mwenyewe, na mwalimu atajua pa kuanzia Jumatatu.