Kupe wa Masika Hakai kwa Mbwa Tu

Masika yakishika pwani, mwenye mbwa humkagua masikioni na katikati ya vidole, akang'oa kupe anaowaona, akaridhika. Lakini kupe wa kahawia, Rhipicephalus sanguineus, huishi zaidi nje ya mbwa kuliko juu yake. Hupanda kunyonya damu mara tatu maishani mwake, na kila akishiba hudondoka, akatambaa hadi kwenye nyufa za banda, nyuma ya fremu ya mlango au chini ya mkeka. Humo jike mmoja aweza kutaga mayai yapatayo 4,000, na joto lenye unyevunyevu huyaangua upesi. Kumwogesha mbwa dawa na kuliacha banda ni kazi nusu. Ziba nyufa, choma matandiko ya zamani, nyunyizia kuta dawa, kisha rudia baada ya wiki kadhaa, kwa maana mayai hayafi kirahisi.

Kupe huyu hubeba bakteria aitwaye Ehrlichia canis, anayejificha ndani ya chembe nyeupe za damu. Mbwa hupata homa, hususia chakula, hukonda; chembe za kugandisha damu zikipungua, pua huvuja damu. Babesia, kimelea kingine cha kupe, hupasua chembe nyekundu: fizi hupauka na mkojo huwa mwekundu au wa kahawia. Dawa ya ugonjwa mmoja haitibu mwingine, hivyo kipimo cha damu ni cha lazima. Ehrlichia hutibiwa kwa doksisaiklini kwa takriban wiki nne. Wengi huacha dawa mara tu mbwa anapoanza kula, na ugonjwa hubaki mwilini kimya kwa miezi au hata miaka.

Kama una paka pia, tafadhali soma kibandiko cha dawa ya kupe kabla ya kuifungua. Permethrini, salama kwa mbwa, humtetemesha paka, humtia degedege na yaweza kumuua, kwa kuwa ini lake haliwezi kuivunja.

Madimbwi nayo yana hatari yake. Julai 2022 homa ya mgunda iliua watu mkoani Lindi. Bakteria wake, leptospira, hutoka katika mkojo wa panya na wanyama wengine na kuingia madimbwini, na mbwa aliyeambukizwa aweza kuwaeneza hata akionekana mzima. Chanjo ya mbwa ipo na hurudiwa kila mwaka.

Mbwa wako akisusia chakula msimu huu, usimsubiri apone mwenyewe. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, apimwe damu.