Ramani ya Kijiji Ichorwe na Wanakijiji



Kama unakaa Busia au Malaba, shida hii unaijua. Mgeni anapiga simu kutoka Nairobi kuuliza uko wapi, nawe unamjibu uko Busia. Akitafuta kwenye simu yake anapata Busia mbili, ya Kenya na ya Uganda, tena kuna Kaunti ya Busia huku na Wilaya ya Busia kule ng'ambo. Malaba ni vivyo hivyo: jina moja, serikali mbili. Hiyo tunaweza kuicheka. Isiyochekesha ni ile ya mama anayeshikwa na uchungu saa nane za usiku huko ndani Angurai. Mwenye bodaboda ameitwa, amewasha pikipiki, na akifika shuleni njia inamwishia. Anaangalia simu. Baada ya shule hakuna kitu, ni kijani kitupu kama vile watu hawaishi huko.

Sasa tujiulize: ramani hutoka wapi? Wengi wetu tukisikia neno hilo tunafikiria karatasi kubwa ya ofisi ya ardhi, yenye namba za mashamba, ambayo ukitaka kuiona unalipa. Katika toleo hili tunaeleza ramani ya namna nyingine, ambayo vikundi vyetu vimeanza kuifanyia kazi. Inaitwa OpenStreetMap.

Ilianza Uingereza mwaka 2004. Steve Coast, aliyekuwa bado mwanafunzi, aliona kwamba habari za ramani za nchi yake zinauzwa kwa bei ghali na mtu haruhusiwi kuzitumia apendavyo. Akasema, kwa nini kila mtu asichore mahali anapopajua, halafu tuunganishe? Tulipoeleza hivyo kwenye mkutano wa akina mama, mmoja wao alisema palepale, "Basi hiyo si harambee tu?" Ndiyo, mama, ni harambee. Ila badala ya kuleta mawe na mchanga wa kujenga darasa, unaleta habari ya kijiji chako.

Hapa kwetu Kenya kazi hiyo ilijulikana sana mwaka 2009, vijana wa Kibera walipopewa vifaa vya GPS wakatembea vichochoro vyote vya mtaa wao. Kabla ya hapo, mahali palipokuwa na maelfu kwa maelfu ya watu palionekana kwenye ramani kama pengo. Mwezi wa Januari mwaka uliofuata, 2010, tetemeko la ardhi lilibomoa mji mkuu wa Haiti, na watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi wakachora barabara zake kwa kufuata picha za satelaiti. Kwa siku chache tu waokoaji walikuwa na ramani ya kutumia. Mwaka 2015 wenzetu wa Dar es Salaam walianza Ramani Huria. Wanafunzi wa vyuo na wananchi wa mitaani walichora mitaro, njia na nyumba katika sehemu zinazojaa maji wakati wa mvua. Watu wa Budalangi wataelewa upesi faida yake. Mto Nzoia ukitoka kwenye kingo zake, kama ulivyofanya mwaka 2020, boti haiulizi namba ya shamba. Inauliza nyumba ziko wapi, na ardhi iliyoinuka iko upande gani.

Kazi yenyewe si ngumu kama watu wanavyodhani. Kila kitu kwenye ramani hii ni nukta au mstari. Chemchemi ni nukta. Njia ni mstari. Mstari ukizunguka ukarudi ulikoanzia, unakuwa umbo: nyumba, kiwanja cha mpira, soko. Kuna na namna ya kuunganisha vitu vingi viwe kimoja, kama mpaka wa kaunti, lakini hiyo waachieni waliozoea. Halafu kila nukta na kila mstari hupewa maelezo mafupi yanayoitwa tagi: hiki ni kisima, kina pampu ya mkono, maji yake yanapatikana mwaka mzima. Tagi ziliwekwa kwa Kiingereza ili dunia nzima isomeke sawasawa, lakini jina la mahali huandikwa kama wenyeji wanavyolitamka.

Hapo kwenye majina ndipo tulipobishana sana. Kwa mfano Kocholya: wengine huandika Kocholia, na vibao vya barabarani havisaidii. Kuna chemchemi ambayo Wateso wana jina lake na Wakhayo wana lao, na kila upande una wazee wake wa kuapa. Ramani hii inaruhusu kuandika majina yote mawili, kila moja na lugha yake, na hilo lilituliza mkutano. Lakini lipi liwe la mbele? Tulikubaliana litangulie lile linalotumiwa na wanaokaa karibu zaidi na maji. Siku hizi mzee mmoja akikutana nasi hatuamkii kabla ya kuuliza kama jina lake bado lipo.

Tuje kwa zana. Watu wengi wanafikiri lazima uwe na kompyuta. Kompyuta inasaidia, lakini kazi yetu ya kwanza tuliifanya kwa karatasi. Tulichapisha sehemu ya ramani kama ilivyokuwa, karibu tupu, tukawagawia wanakikundi na penseli, kila watu wawili na karatasi yao. Wakatembea, wakaandika. Jioni vijana wawili wanaojua kompyuta wakaingiza. Kwa anayetumia kompyuta kuna programu iitwayo JOSM, yenye uwezo mkubwa na vitufe vingi vya kuchanganya kichwa. Tangu mwaka 2013 kuna nyingine nyepesi zaidi, iD, ambayo hufunguka ndani ya intaneti yenyewe bila kuweka kitu kwenye mashine. Kwenye simu ya Android kuna StreetComplete, nayo ndiyo tunayowapa wanaoanza, kwa sababu inauliza maswali tu: Barabara hii ni ya lami au ya murram? Duka hili bado lipo? Unajibu, unaendelea na safari yako. Mwenye mulika mwizi asikate tamaa. Yeye ni mtu wa karatasi na penseli, na mara nyingi ndiye anayejua kijiji kuliko sisi wengine.

Zana hizo zote ni bure, na zimetengenezwa na watu wanaojitolea vilevile, wengine Ujerumani, wengine India, wengine hatujui wako wapi. Maandishi ya ndani ya programu yako wazi, kila mtu anaweza kuyasoma na kuyarekebisha. Nasi twaweza kuchangia hata kama hatujui kuandika programu. Programu ikiuliza swali la kipuuzi, iripotiwe. Kwa mfano, kuulizwa namba ya nyumba katika kijiji ambacho hakuna hata nyumba moja yenye namba! Wale watengenezaji hawajawahi kuona Teso, wasipoambiwa watajuaje? Pia kuna kazi ya kutafsiri maneno ya programu kwa Kiswahili, na huko ndiko mwalimu mstaafu mwenye subira anapohitajika. Jambo moja lilitufurahisha: kuna tagi maalum ya steji ya pikipiki za abiria. Inafaa hivyo, maana neno lenyewe bodaboda lilizaliwa hapa mpakani kwetu, enzi za baiskeli zilizovusha watu kutoka boda hadi boda.

Kuhusu picha za satelaiti, tuseme ukweli. Mtu aliyekaa Ulaya akiangalia picha ya Amukura huona paa za mabati na nyasi, naye huchora vizuri sana, pengine nyumba mia kwa jioni moja. Tunamshukuru. Lakini hajui lipi ni jiko, lipi ni banda la ng'ombe, na lipi ni zahanati. Hajui kwamba njia ile nyeupe iliyonyooka hugeuka kinamasi mwezi wa Aprili. Hiyo ni kazi yetu, na hakuna satelaiti itakayoifanya. Tuliona pia kwamba wanaume wakitembea peke yao hurudi na baa, petroli na kinyozi. Wanawake hurudi na visima, mashine ya kusaga, na nyumba ya mkunga. Tangu hapo kila wawili huwa ni mwanamume na mwanamke, na wakibishana njiani, heri.

Sasa makosa yetu. La kwanza, tulianza bila kuongea na watu. Tulionekana tunatembea mashambani na simu mkononi, tukisimama, tukiandika. Mzee mmoja akatufuata akiwa na panga, si kwa vita, alikuwa anakata miwa, lakini uso wake haukuwa wa miwa. "Nyinyi ni wa survey?" Watu wa mpakani wameona barabara zikipanuliwa na vibanda vikibomolewa, na wanajua kwamba mtu akija na vipimo, baadaye huja na tingatinga. Ilituchukua saa nzima. Tukamfungulia simu aone mwenyewe kwamba ramani hii haina mipaka ya mashamba, haina namba ya hati, na haina jina la mwenye nyumba. Sheria ya kazi hii hairuhusu kuandika ni nani anakaa wapi. Siku hizi tunakwenda kwanza kwa chifu na kwa mzee wa kijiji, tunaomba nafasi barazani, ndipo tunatembea.

La pili lilituumiza zaidi. Tuliweka chemchemi moja kwenye ramani tukiwa tumesimama barabarani, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na hatukutaka kuteremka bondeni. Tukakisia. Miezi michache baadaye waliokuja kujengea chemchemi za eneo hilo walifuata ile nukta, wakafika kwenye shamba la mahindi la mtu asiyehusika, wakaondoka. Kijiji kilipoteza zamu yake mwaka huo. Akina mama waliendelea kuchota maji pamoja na ng'ombe kwa sababu sisi tuliogopa kulowa. Tangu siku hiyo tuna kanuni: nukta ya maji huwekwa na mtu ambaye miguu yake iko kwenye maji. Tena asubiri simu itulie, kwa maana mahali palipo wazi inaweza kukosea mita chache tu, lakini chini ya miti mikubwa inakosea zaidi.

Uzuri ni kwamba kosa hurekebishika. Kila badiliko linabaki na jina la aliyelifanya na siku aliyolifanya, na mwingine anaweza kulirudisha nyuma. Kitu kimoja kisifanywe kamwe: kunakili kutoka ramani ya Google au ramani nyingine yenye mwenyewe. Kijana wetu alifanya hivyo kwa nia njema ili amalize upesi, na ikabidi kazi yake ya wiki mbili ifutwe. Andikeni mliyoyaona kwa macho yenu, au yanayoonekana kwenye zile picha za satelaiti ambazo wenyewe wametoa ruhusa.

Swali lililo gumu hatujalimaliza. Ni njia za panya. Kila mtu hapa anazijua, na wengi wetu tumezipita kwenda msiba au kumwona shangazi ng'ambo ya mto. Mama mwenye trei tatu za mayai hupita huko, na mwenye magendo pia hupita huko. Mwaka 2020, mpaka ulipofungwa kwa ajili ya korona, njia hizo zililindwa kweli kweli. Je, tuzichore? Vijana walisema njia ni njia, ipo ardhini, na mgonjwa naye huipitia. Akina mama wa soko wakasema, mkiichora mmetuuza. Mmoja akaongeza kwamba polisi wanazijua tayari kuliko sisi, watu wakacheka, lakini hakuna aliyebadili mawazo. Tulivyoamua kwa sasa ni hivi: njia ya miguu inayofika shule, kanisa, msikiti, zahanati au maji inachorwa. Inayoteremka mtoni tu na kuishia hapo, tunaiacha. Hatuandiki popote neno magendo. Tunajua mtu aliye mbali anaweza kuichora kutoka kwenye picha bila kutuuliza, na hatuna la kumzuia.

Wengine wameuliza nani anafaidika. Ni haki kuuliza. Habari za ramani hii ni za bure kwa kila mtu, na kila mtu ni pamoja na makampuni makubwa. Masharti ni kwamba waseme zilikotoka, na wakiziboresha na kuzitoa kwa watu, maboresho yawe wazi vilevile. Vijana wawili waliposikia hivyo walituacha, wakisema hawafanyi kazi ya tajiri bure. Hatuwalaumu. Lakini ile ramani ya kampuni nayo hukuomba umwongezee duka lako, ukimpa ni lake, huwezi kumwomba akurudishie kijiji kizima uchapishe kwenye karatasi na kuibandika ukutani zahanati. Hii unaweza. Sisi tumeshaibandika, na muuguzi amechora kwa kalamu nyekundu njia ambazo pikipiki hupita hata wakati wa mvua.

Kuhusu gharama, ni bando na viatu. Ukiwa karibu na mpaka zima kwanza intaneti ya simu, maana inaweza kudaka mtandao wa Uganda na salio lote likaliwa kabla hujachora hata choo. Programu nyingi hufanya kazi bila mtandao. Utatuma ukifika mahali salama. Mtu pia anaweza kuweka ramani ya kaunti nzima kwenye simu kwa Organic Maps au OsmAnd, akaitumia bila bando lolote. Hilo waendesha bodaboda wa Adungosi walilipenda kuliko mengine yote.

Zamu inayofuata tutaelekea Chakol na vijiji vya chini yake, kabla ya mvua ndefu. Kila kikundi kilete watu wawili, penseli, na majina ya chemchemi zake zote yakiwa yameandikwa jinsi wazee wanavyoyatamka. Na viatu vya kuingia majini.